Tupeane uzoefu: mnaoishi ushuani kule Midwest ya Marekani, majirani zenu mnawajua?

Baba Shamsa
Wakuu salaam. Nina jambo limenikaa tangu mama arudi Tanga mwezi wa sita. Sisi tupo Carmel, Indiana, mji upo juu kidogo ya Indianapolis, tulihamia 2019 kisa shule za watoto tu, maana tulikuwa apatimenti mjini na mke wangu kila akiona matokeo ya shule anakosa usingizi. Mji msafi mpaka unaogopa kutema mate. Kipilefti zipo zaidi ya 150, sitanii, meya wao wa zamani James Brainard alikaa tangu 1996 mpaka mwisho wa 2023 na taa za kuongozea magari aling'oa karibu zote. Mama siku ya kwanza tunatoka eapoti akaniuliza mbona tunazunguka tu, umepotea?

Sasa kilichomshinda mama siyo baridi, ni ukimya. Anakaa dirishani toka asubuhi mpaka adhuhuri, gereji inafunguka yenyewe, gari inatoka, gereji inajifunga, mtu hajamwona. Akaniambia mwanangu hizi nyumba zinaishi magari. Siku moja anapika wali chumvi ikaisha, akajifunga kanga anataka kwenda kuomba kwa jirani. Nikamwambia mama subiri niwashe gari. Duka la karibu dakika 9 kwenda tu, tunarudi wali umeshika chini.

Nyie wenzangu mnaishije? Semeni ukweli, msije na picha za nyumba tu.

Mbagala Original
Mkuu unalia chumvi dakika 9 kwa gari, mimi huku umeme umekatika toka saa kumi na jirani niliyemwazima jiko la mkaa huu mwezi wa tatu hajarudisha. Tubadilishane.

Dada Mchicha
Mi nipo Illinois upande wa DuPage, kaunti ya pembeni ya Chicago, mji sitautaja maana waswahili tupo wachache tutajuana. Shoga yangu alinipa mbegu za mchicha nikapanda mbele ya nyumba pembeni ya ngazi, maana nyuma kuna kivuli na kulungu wanakula kila kitu. Ukaota ule wa haja, majani kama viganja. Sijauchuma hata mara mbili ikaja barua ya chama cha wenye nyumba, ndani kuna picha ya mchicha wangu, wameandika magugu, siku 14 niwe nimeng'oa. Na hiyo picha imepigwa kwa chini jamani, yaani mtu alipiga magoti kwenye nyasi zangu!

Aliyenishtaki mpaka leo simjui ila wote wananipungia mkono wakipita na mbwa. Hilo ndo linaloniuma. Kwetu jirani akiwa na neno anakuja mlangoni anakusema, mnagombana mpaka watoto wanatoka nje, jioni anakuja kuomba moto. Huku unachekewa halafu unaandikiwa. Na kuhama huhami, kodi ya jengo hapa tunalipa Juni na Septemba na sehemu kubwa inaenda kwenye shule za hapohapo, ndo maana shule zinang'aa, kwa hiyo ukinunua nyumba umenunua dawati la mtoto. Nikang'oa. Nikaupika wote kwa nazi siku hiyohiyo tukala siku tatu.

Nyar Minnesota
Mi niko Edina, Minnesota, lakini si kwangu lol. Nachunga shosho mmoja mzungu ako na miaka 91, nalala huko siku nne kwa wiki halafu narudi kwangu Brooklyn Park kulala kama binadamu. Nyumba iko pale Country Club District, zile nyumba za miaka ya 1920, miti kubwa imefunika barabara utadhani uko Muthaiga. Juzi kijana wake amekuja kupanga makaratasi ya mamake akapata hati ya zamani ya ploti. Wenye walianzisha huo mtaa 1924 waliandika ati mtu asiye mzungu asiuziwe, asikodishiwe, asiishi hapo, isipokuwa kama ni mfanyakazi wa nyumba. Huyo kijana (ako na miaka 60 hivi) akawa mwekundu kama nyanya, anaomba msamaha ni kama ni yeye aliandika. Korti ya juu kabisa ya Amerika ilisema 1948 hizo karatasi hazina nguvu kortini, na 1968 sheria ikapiga marufuku kabisa, lakini maandishi si yamebaki tu. Nikasoma tena hapo kwa mfanyakazi nikamwambia sasa si mi niko sawa kabisa. Hakucheka. Shosho ndio alicheka mpaka akakohoa nikamletea maji.

Majirani nawajua kwa majina ya mbwa zao. Kuna Biscuit na kuna Otis. Wenyewe sijui.

Mwana Uvira
Miye ni mukongomani, niko Columbus, Ohio, natumika kusafisha manyumba ya batu kule Dublin, ile ya hapahapa Ohio. Siku ya kwanza boss anasema tutapita pembeni ya shamba ya mahindi, nikafurahi, nikasema afazali nitaona kitu ya nyumbani. Kufika nakuta ni mahindi ya beto (zege), 109, imesimamishwa kwa mistari, kila moja ni murefu kupita mutu. Eti ni ya kukumbuka mutu mwenye alikuwaka analima pale, Sam Frantz. Nikapigia mama video, akaangalia sana, akauliza na unga banapataka wapi?

Kwa majirani siwezi sema mingi. Kuna nyumba naingiaka ku mulango wa gereji na namba ya siri, mwaka muzima, mwenyewe nimemuona mara mbili. Viatu vyake najua vyote. Sura tukipitana dukani sitamujua.

Baba Shamsa
Mbagala kaka silalamiki, nasimulia. Haya sikia na hii. Januari theluji imeshuka usiku kucha, naamka kuswali alfajiri nasikia mashine inaunguruma nje. Jirani wa kulia, mzee mmoja ambaye zaidi ya salamu ya hai hatujawahi kuongea, kamaliza kwake anasafisha njia yetu ya gari mpaka ngazini. Hajagonga hajasema kitu. Mama akakanda unga saa hiyohiyo, maandazi ya iliki, akajaza bakuli lake la maua alilokuja nalo toka Tanga, nikapeleka. Mzee akashukuru sana, mlangoni hapohapo, karibu ndani hakusema.

Baada ya siku mbili bakuli tukalikuta kwenye ngazi, limeoshwa, limefungwa kwenye mfuko, tupu. Mama akaligeuzageuza akachungulia ndani kabisa. Akasema bakuli la mtu halirudishwi tupu, akaliweka juu ya kabati.

Theluji ya pili mzee kasafisha tena. Mama akakaanga tena, ila safari hii akamfungia kwenye foili.