Vita ya Biafra: mazungumzo ya Kampala 1968 yalikwama wapi hasa?

Mdadisi wa Moro
Wakuu habari za saa hizi. Juzi babu kanisimulia jinsi Mwalimu alivyoitambua Biafra, lile eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria, wakati karibu Afrika nzima imekataa, nikaanza kufuatilia nikakuta kumbe walikaa mezani mara kibao, Kampala Mei 1968, Niamey Julai, Addis Ababa Agosti, hadi Monrovia 1969, na bado vita ikaendelea mpaka Januari 1970 Biafra walipoishiwa kabisa. Sasa watu mnakaa meza moja, wote mnajua watoto wanakufa njaa, mnashindwana nini? Anayejua anieleweshe taratibu.

Kisiki
Mkuu shida ilikuwa nani aanze. Enahoro aliyeongoza ujumbe wa Nigeria pale Kampala alitaka Biafra waachane kwanza na habari za kujitenga ndo mapigano yasimame, Jaji Louis Mbanefo wa Biafra akasema hapana, bunduki zinyamaze kwanza mengine tutaongea. Na wote walikuwa na hofu ya kweli kabisa, Lagos, yaani serikali ya Nigeria, wanaona wakisimamisha vita bila masharti wenzao watapumua na kuingiza silaha, Waigbo, kabila kubwa la Biafra, nao wanakumbuka ndugu zao walivyochinjwa kaskazini 1966, mtu kama huyo ukimwambia aweke silaha chini ndo mzungumze ataona unampeleka machinjioni. Alafu angalia tarehe: kikao kimefunguliwa 23 Mei, Port Harcourt imeanguka siku chache tu nyuma, Biafra hawana tena bandari. Anayeshinda vitani hana haraka ya kusaini.

Mama Neema
Mi naanzia Aburi kule Ghana, Januari 1967, vita haijaanza. Gowon mkuu wa Nigeria na Ojukwu aliyekuwa anaongoza jimbo la mashariki walielewana vizuri tu, kurudi nyumbani kila mmoja ana tafsiri yake ya walichokubaliana. Mei Ojukwu katangaza Biafra, Julai vita. Na Mwalimu nampenda sana ila naona ile kuitambua Aprili 1968, wakafuata Gabon, Ivory Coast na Zambia, iliwapa Biafra moyo wa kutolegeza mezani.

Kipanga
Dada hapo kwa Mwalimu sikubaliani na wewe. Huyu ndo aliyeunganisha Tanganyika na Zanzibar 1964, hakuwa mtu wa kufurahia nchi kuvunjika, hoja yake ilikuwa dola ikishindwa kuwalinda watu wake haiwezi kuwalazimisha wabaki. Mi kinachoniuma ni chakula. Nigeria wanataka kipite barabarani kwao wakikague, Biafra wanaogopa sumu na wanaogopa barabara hiyohiyo itapitisha jeshi, wanataka ndege, basi wakabishana mpaka wakaachana hivyohivyo. Kikabaki kiwanja cha ndege cha Uli huko Biafra, kipande cha barabara kimepanuliwa, ndege zinatoka kisiwa cha São Tomé usiku na samaki wakavu, chumvi na maziwa, taa za chini zinawashwa rubani akikaribia kutua, akishagusa tu zinazimwa maana juu kuna ndege nyingine inasubiri kudondosha mabomu. Sasa mama yuko kijijini na mtoto mwenye kwashakoo, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, uhai wa mwanae unategemea hizo taa.

Mdadisi wa Moro
Dah. Asanteni sana. Kwa hiyo toka Aburi Gowon na Ojukwu hawakukaa tena pamoja?

Kisiki
Vita nzima hawakukaa. Addis Ojukwu alienda mwenyewe akahutubia zaidi ya saa mbili mbele ya Haile Selassie, Gowon akamtuma Enahoro.