Ford Ranger ya Pretoria au ya Thailand? Naomba ushauri

Wakuu, naomba ushauri kabla ya kulipia Ford Ranger iliyotumika, dizeli ya lita 3.2. Zipo mbili: moja namba ya chasisi inaanza na AFA, yaani imeundwa Silverton, Pretoria, nyingine MNB, ya Rayong, Thailand. Umarekani ni wa jina tu. Namba za chasisi za magari yaliyoundwa Marekani huanza na 1, 4 au 5, za Mexico 3.

Je, spea zinaingiliana, hasa bodi na waya?

Halafu injini hii ukimwaga oili ukaiacha ichuruzike zaidi ya dakika 10, pampu huingia hewa, ukiwasha haivuti oili na injini inaweza kunoki. Wauzaji wote hawana rekodi za sevisi. Zaidi ya maji ya rejeta kupungua, nikague nini?