Wimbo wa kwaya umeshushwa kwa hakimiliki wakati lupu nimeipata kihalali. Nifanyeje kabla ya Jumapili?

KinandaMbovu (mleta uzi)
Wakuu habari za majukumu. Naomba ushauri wa haraka, matusi yatafuata baadaye.

Mimi ni prodyuza mdogo, studio ni chumba changu hapa Mbagala. Nimetengeneza wimbo wa kwaya moja, video tumeshuti ufukweni Kigamboni, Jumapili hii ni uzinduzi na mgeni rasmi ameshathibitisha. Juzi usiku msambazaji wangu (kampuni inayonipandishia nyimbo mitandaoni) kanitumia barua pepe kwamba wimbo umesimamishwa kwa "mgogoro wa hakimiliki". Umeshuka kote: Spotify, Boomplay, Apple Music, hadi YouTube Music.

Gitaa la mwanzo ni lupu, yaani kipande kifupi cha muziki kilichorekodiwa tayari, niliyopakua kwenye tovuti ya lupu za bure. Leseni inasema wazi ruksa kutumia kibiashara bila kulipa mrabaha, na ninayo. Sasa kosa langu ni lipi? Nikiupandisha upya kupitia msambazaji mwingine utapita?

BabuWaTemeke
Kwaya inamwimbia Mungu kwa gitaa la kupakua? Enzi zetu kwaya ilikuwa na mtu wa solo, mtu wa ridhimu na mtu wa besi, na wote walikuwa waumini wa hapo hapo. Leo kijana mmoja na kompyuta anaitwa bendi.

Mteremko
Dogo usiumize kichwa. Panda nusu toni, ongeza spidi kidogo, badilisha jina la wimbo, pandisha. Ile ni mashine tu, haina masikio.

FundiMitambo
Ina masikio, Mteremko. Content ID, mashine ya YouTube ya kutambua muziki wenye mwenyewe, ipo tangu 2007 na siku hizi inakamata hata lahani, usiwadanganye watu.

Mleta uzi, kabla ya ushauri nijibu kitu kimoja. Dai limewekwa kwenye video ya kwaya, au kuna video za watu wengine zimewekewa dai kwa jina la wimbo wako? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

KinandaMbovu
Mkuu, nani kamdai nani sioni kama ndiyo hoja. Hoja ni kwamba nina leseni. Hata Rihanna, ngoma za "Umbrella" mwaka 2007 zilitoka kwenye lupu za GarageBand, programu ya muziki ya Apple, ambazo kila mwenye Mac anazo. Mbona yeye hakushushwa?

Shangazi_Tabata
Pole mwanangu. Mimi yalinikuta ya kwangu na biti. Nilinunua kwa kijana mmoja, akaniapia kwa mama yake ni yangu peke yangu. Nikaimba, nikaalika ndugu, nikatoa. Mwezi haujaisha nipo kwenye daladala nasikia biti ile ile, mtu anatangaza dawa ya mende. Nilishuka kituo kisicho changu. Kumpigia simu, ananiambia "shangazi, dawa ya mende wamechukua bila kiitikio". Mpaka leo nikisikia kile kinanda naona mende.

Mteremko
😂😂 bila kiitikio

FundiMitambo
Narudia swali langu. Na nyongeza: wakati unapandisha wimbo kwa msambazaji, kuna kisanduku cha kuingiza wimbo kwenye Content ID ili ulipwe wengine wakiutumia YouTube. Ulikiwekea tiki?

KinandaMbovu
Kiliniuliza kama nataka hela za YouTube. Nani hataki? Nikaweka tiki. Kwa kijana anayeanza unategemea nini? Spotify wenyewe tangu 2024 wimbo usipofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi hata senti.

FundiMitambo
Hapo ndipo penyewe. Ukitia tiki pale, wimbo wako unaingizwa kama kielelezo. Mashine inalinganisha kila video inayopandishwa na kielelezo chako, na ikisikia kinachofanana inaweka dai kwa jina lako. Sasa wewe umeacha gitaa la lupu likilia peke yake mwanzoni, sivyo? Basi mashine imelichukua lile gitaa kuwa ni lako. Mama wa mapishi aliyepakua lupu hiyo hiyo, kijana wa video za magari, na hata yule aliyelipiga mwenyewe, wote wanawekewa dai la kwaya ya Mbagala.

Leseni yako ni halali kabisa, hakuna aliyekukataza kutumia. Lakini wamepewa ruhusa hiyo watu wote waliopakua, na kanuni za YouTube zinataka anayeingiza kielelezo awe na haki za kipekee. Lupu za kupakua kama yako hazifai. Na mfano wako wa Rihanna haukusaidii, ile ni kutumia lupu ndani ya wimbo, hakuna aliyekuzuia hilo.

Video za watu zilizodaiwa, wenyewe walipinga?

KinandaMbovu
Zilikuja taarifa za watu kupinga, ndiyo. Nilibonyeza kuwa dai langu ni sahihi. Zote. Mkuu ungekuwa wewe ungefanyaje? Unaamka unakuta watu usiowajua wanasema wimbo wa kwaya si wako! Mmoja ana jina la Kizungu, nikajua ni matapeli.

FundiMitambo
Huyo wa jina la Kizungu usije ukakuta ndiye mpiga gitaa.

Wa_Eastlands
Salamu kutoka Nairobi. Boss, kwanza pumua. Dai la Content ID si straiki. Straiki, yaani adhabu ya kuvunja hakimiliki, ndiyo mbaya, ukipata tatu ndani ya siku 90 chaneli inaenda. Dai huwa ni mambo ya matangazo, hela inaenda kwa aliyedai, na mtu akipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Shida yako ni kuwa wewe ndiye mdai, na msambazaji ameona unamletea kesi. Ukizoea kudai visivyo vyako anaweza kunyang'anywa hiyo huduma yeye, na wateja wake wote wakose. Huyo hakupi nafasi ya pili kirahisi.

HakiYangu
Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, usajili wimbo, wakupe cheti, uwatumie hao wazungu. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Watanzania tunaogopa sana.

FundiMitambo
Asajili, ni jambo zuri, mashairi na sauti za kwaya ni zao. Cheti hakimpi gitaa la mtu.

Shangazi_Tabata
Mwalimu wa kwaya anajua haya yote? Ulishamwambia?

KinandaMbovu
Hapana shangazi. Mwalimu wa kwaya ndiye baba wa mchumba wangu. Barua ya posa imeenda mwezi uliopita, hawajajibu. Na kadi za uzinduzi zimeshachapishwa, zina msimbo wa QR unaofungua ukurasa wa wimbo. Ndiyo maana nimeshalipia msambazaji wa pili. Jina nimebadilisha kidogo na gitaa limepanda nusu toni, limebaki kubonyeza tu.

PichaAuChai
Basi, inatosha. Lupu, kwaya, mgeni rasmi, sasa baba mkwe na barua ya posa. Hii chai ina tangawizi. Wakuu, fungueni nyuzi zake za nyuma: kuna uzi anauza mashine ya kutotolesha vifaranga, mwingine anauliza bei ya chakula cha kuku wa mayai. Leo prodyuza. Kesho atatuletea jina la huyo msambazaji wa pili na kiungo cha kujiunga, ale kamisheni.

Mteremko
Kumbe! Nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma 😂

BabuWaTemeke
Nami nilishangaa, kwaya gani Mbagala haina mpiga gitaa.

KinandaMbovu
Mtu akifuga kuku haruhusiwi kuwa na kinanda? Mashine niliuza ndiyo nikanunua maiki. Na sijataja msambazaji yeyote, hata huyu wa kwanza sijamtaja. Barua pepe yao hii hapa, nimetafsiri kama ilivyo:

"Tumepokea mapingamizi mengi dhidi ya madai yaliyotokana na rekodi yako. Sekunde 0:00 hadi 0:14 zinafanana na maudhui ya wahusika wengine yasiyo na leseni ya kipekee. Rekodi imeondolewa hadi utakapotoa uthibitisho."

PichaAuChai
Hiyo mtu anaandika mwenyewe dakika mbili.

FundiMitambo
Anaandika, lakini hawezi kubuni sekunde za lupu na hilo la leseni ya kipekee bila kuwa nalo mezani. Mimi nimeshaona barua za namna hii. Kama ni chai, mpishi anaijua kazi. Nitamjibu, kuna wengine watakaosoma.

Usibonyeze kwa huyo wa pili. Kielelezo cha kwanza kama bado kipo, kitakudai wewe mwenyewe, na kubadilisha jina na toni kutaonekana ni kujificha. Leo waandikie wa kwanza: waombe wautoe wimbo kwenye Content ID, waachie madai yote, waambatanishie leseni ya lupu. Waambie unataka kusambaza tu. Hapo wengi hurudisha. Ukirudishwa, tumia ISRC (namba ya utambulisho ya rekodi) ile ile usipoteze hesabu ya wasikilizaji. Ukirekodi gitaa upya, hiyo ni rekodi mpya na inataka ISRC mpya.

Jumapili haihitaji Spotify. Beba wimbo kwenye flashi, video ipandishe moja kwa moja kwenye chaneli ya kwaya. Kadi chapisha stika ya QR mpya, bandika juu ya ile.

KinandaMbovu
Stika mia mbili usiku mmoja mkuu? Na msambazaji wa pili nimeshamlipa.

Shangazi_Tabata
Mwite mchumba mbandike wote. Na mwambie baba yake kabla hajaambiwa na mgeni rasmi.

BabuWaTemeke
Hizo sekunde 14 ziko ufunguo gani?

KinandaMbovu
G, mzee. Kwani?

BabuWaTemeke
Nilikuwa mtu wa solo miaka mingi kabla vidole havijakaza. Gitaa ninalo, uzi wa kwanza na wa pili umekatika. Njoo na nyuzi hizo mbili kesho jioni, na nauli yako ya kurudi, mimi sitoi.