Jirani wa Chuno na mataa yake, eti "nunua pazia"!

Wadau nimetoka huko sasa hivi, mikono inatetemeka kwa hasira. Huyu jirani wa Chuno, mtaa wetu hapa Mtwara, mnamjua, sina haja ya kumtaja, usiku nyumba yake inaonekana mpaka Msumbiji. Kafunga mataa ya wati 100 kuzunguka ukuta, mwanga ule mweupe wa kuchoma macho, na hakuna hata moja inayoangalia uani kwake, yote yanatumulika sisi. Jogoo wangu anawika saa saba usiku. Kumbikumbi wakitoka wanajaa kwake halafu wanamalizikia kwenye sahani zetu.

Leo nikasema niende kistaarabu. Nimepiga hodi, nimempa shikamoo, nikamwambia baba naomba tu uziinamishe ziangalie chini, bi mkubwa wangu anaumwa halali. Anajibu nini? "Nunua pazia." Mbele ya mkewe na bodaboda wamejaa pale getini wanacheka. Nunua pazia!

Pazia ninazo, tena nzito, ila mwanga unapenya juu kwenye matofali ya matundu, na joto la Mtwara mwezi wa 11 mnalijua, ukifunga dirisha na pazia zito juu yake unaiva mzima mzima. Kama ni wezi zipo taa za sensa, mtu akipita inawaka, akiondoka inazima. Zipo za mwanga wa njano. Mimi nimempa mtu shikamoo yangu ananijibu nunua pazia, aisee.

Ming'oko Kwanza: Pole mkuu. Huyo namjua, mi nikipita na pikipiki hapo nafumba macho, siku moja nitaingia mtaroni.

Bintikorosho: Sasa si ununue pazia tu 😂😂

Mleta uzi: Bintikorosho usinichokoze leo. Bodaboda wamecheka, na wewe unacheka?

Kasa Mpole: Mleta uzi yuko sahihi jamani. Mwanga mweupe usiku unapunguza melatonini, ile homoni ya usingizi, ndo maana mgonjwa halali. Hata kasa wanaotagia huku kwetu Msimbati, vitoto vikianguliwa usiku vinafuata mwanga wa upande wa bahari, ukiwasha taa ufukweni vinageukia nchi kavu na vinafia huko.

Bintikorosho: Kwahiyo mleta uzi ni kasa?

Mzee wa Mikindani: Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mkae mezani.

Mleta uzi: Mwenyekiti naye anakaa kwenye mwanga huohuo anausifia, eti mtaa umependeza. Yeye hajaambiwa nunua pazia!

Kijana wa Ligula: Mna raha nyie mnaolalamikia mwanga. Gesi ya Ghuba ya Mnazi hapa hapa Mtwara imegunduliwa tangu 1982 na sisi umeme ukikatika tunapapasa ukuta. Niletee huyo jirani na taa zake.

Ming'oko Kwanza: Umeme afadhali, wangu anachoma takataka kila asubuhi nikishaanika nguo, nanuka plastiki kazini.

Mama Rahaleo: Moshi si kitu, wangu anafuga kuku bila banda, wamefukua mchicha wote na ukisema anakununia.

Mzee wa Mikindani: Mama Rahaleo, kuku wa rangi gani hao? Wangu hawajarudi tangu juzi.

Mama Rahaleo: Wekundu, mmoja kishingo.

Mzee wa Mikindani: Huyo kishingo ni wangu! Njoo inbox.