Mimba nje ya kizazi imegundulika siku ya tano: uzembe uko wapi, na unathibitishwaje?

Paralegali_Moro

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Naomba msaada wa watu wa afya na wa sheria.

Nina faili la mama wa miaka 27 aliyetibiwa hospitali ya halmashauri. Kadi, risiti na fomu zinaonyesha hivi:

Jumatatu: maumivu chini ya kitovu upande wa kushoto, matone ya damu, hedhi imechelewa wiki mbili. Kapimwa mkojo wa kawaida, ikaandikwa UTI, kapewa sipro na dawa ya maumivu. UPT (kipimo cha mimba cha mkojo) haikufanyika.

Jumatano: karudi, maumivu yamezidi. Mapigo ya moyo 112, presha 106/70. Malaria hasi, Widal (kipimo cha taifodi) "chanya", UPT chanya. Altrasaundi ya juu ya tumbo: "kizazi hakina ujauzito, maji kidogo nyuma ya kizazi." Ikaandikwa PID (maambukizi ya kizazi na mirija), antibayotiki, arudi baada ya wiki.

Ijumaa usiku: kazimia chooni, kafikishwa amepauka, presha 80/50. Kafunguliwa tumbo, damu kama lita 2, mrija wa kushoto umetolewa, kaongezewa chupa 4.

Uzembe tuuhesabu kuanzia Jumatatu au Jumatano? Nyaraka zipi zidaiwe kwanza? Ndugu zake wanataka tudai "kuharibiwa uzazi". Hoja hiyo inashika?

---

Dkt_Kizazi

Mkuu, shika Jumatano kwa mikono miwili.

Jumatatu kuna kosa, na ni kosa la msingi: mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo hupimwa UPT kabla ya kuandikiwa UTI, hata akisema hana mimba. Kipimo chenyewe ni dakika tano na bei yake ni ndogo. Lakini siku hiyo mtetezi wao atasema dalili zilikuwa hafifu, na watu watabishana.

Jumatano hakuna cha kubishania. UPT chanya na kizazi kitupu kwa pamoja vina maana tatu tu: mimba bado changa mno kuonekana, mimba imeshatoka, au mimba iko nje ya kizazi. Hiyo ya tatu ndiyo inayoua, kwa hiyo mgonjwa anahesabiwa kuwa nayo mpaka ithibitike vinginevyo. PID haimo kwenye orodha hiyo. Mtu anaweza kuwa na PID na mimba kwa pamoja, ila PID haifuti swali la mimba iko wapi.

Kilichotakiwa kufanyika: kupima kiwango cha beta-hCG (homoni ya mimba) kwenye damu na kukirudia baada ya saa 48. Kikianza chini ya 1,500 na mimba ikawa salama ndani ya kizazi, hutarajiwa kupanda kwa angalau asilimia 49 katika saa hizo. Kikipanda kwa kusuasua au kikiganda palepale, ni dalili mbaya. Hospitali isiyo na kipimo hicho inamlaza mgonjwa au inampa rufaa. Kumrudisha nyumbani kwa wiki nzima hakupo kwenye njia yoyote. Na huyu alikuwa na maumivu, maji tumboni na mapigo 112, kwa hiyo hata hizo saa 48 hakuwa wa kuzisubiria nyumbani. Alitakiwa kundi la damu, damu ya akiba, na daktari wa upasuaji aitwe siku ileile.

Widal iacheni kabisa kwenye hoja. Kipimo kimoja cha Widal, mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na taifodi, hakithibitishi kitu.

---

Muuguzi_Wodi5

Naongeza kwenye hayo mapigo, maana watu huangalia presha tu na kutulia. Mwili wa mwanamke kijana hubana mishipa na kuishikilia presha. Mara nyingi haishuki waziwazi mpaka apoteze kama asilimia 30 ya damu. Mapigo ndiyo hutangulia. Gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha: 112 kwa 106 ni 1.06. Ikizidi 0.9 kwa mtu anayeshukiwa kutoka damu ndani, hiyo ni hatari. Namba hizo waliziandika wao wenyewe, hamhitaji shahidi wa kuzithibitisha.

Wakijitetea kwamba HB (wingi wa damu) ya Jumatano ilikuwa nzuri, msiyumbe. Mtu anayetoka damu sasa hivi anapoteza maji na chembe kwa pamoja, kwa hiyo HB hukaa juu saa kadhaa kabla ya kushuka.

Muulizeni pia kama alisikia maumivu kwenye ncha ya bega, hasa akilala, au kubanwa haja kubwa bila choo kutoka. Damu ikigusa kiwambo cha chini ya mapafu, maumivu hutokea begani. Ikijaa nyuma ya kizazi, husukuma utumbo wa mwisho. Alikodondokea ni chooni, msilidharau hilo. Kama alilalamika na halikuandikwa, liwekeni kwenye maelezo yake mapema akiwa bado anakumbuka.

---

Picha_na_Mawimbi

Kwa upande wa altrasaundi: ombeni picha zenyewe, msikubali ripoti peke yake. Mashine nyingi huhifadhi tarehe, saa na picha kwa muda, kisha hufutwa nafasi ikijaa. Barua iende wiki hii.

Angalieni kama ripoti inataja mambo manne: kipimo kilifanywa kwa juu ya tumbo au kwa njia ya uke, kibofu kilikuwa kimejaa au la, pembeni mwa kizazi upande wa kila ovari kulionekana nini, na maji kwenye picha yalikuwa meusi safi au yenye chembechembe. Maji yenye chembechembe kwa mgonjwa wa UPT chanya ni damu mpaka ionekane vinginevyo. Kipimo cha juu ya tumbo huchelewa kuonyesha mimba kama wiki moja ukilinganisha na cha njia ya uke, kwa hiyo "haionekani" kwa wiki sita haimaanishi haipo.

Jambo jingine ni kati ya ini na figo ya kulia. Damu ya nyonga ikifika pale, ni nyingi. Kupeleka kifaa hapo ni chini ya dakika mbili. Ripoti ikinyamaza kuhusu eneo hilo, ulizeni.

Ila nitende haki: mpimaji aliandika alichokiona, kizazi kitupu na maji. Aliyepokea karatasi ndiye hakuiunganisha na UPT. Msimtupie lawama yote mpimaji.

---

Wakili_wa_Pwani

Paralegali, umepanga tarehe vizuri. Sasa sheria.

Muda: madai ya uzembe Tanzania Bara yana ukomo wa miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo. Hospitali ni ya halmashauri, kwa hiyo lazima itangulie notisi ya siku 90 kwa halmashauri yenyewe, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Baada ya marekebisho ya 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Ukimsahau, kesi inaanguka kabla hata daktari hajasimama kizimbani. Pangeni siku 90 ziishie ndani ya ile miaka mitatu, msitegemee kuongezewa.

Nyaraka: ombi la maandishi lenye muhuri wa kupokelewa. Faili lote la mahudhurio matatu, rejesta ya wagonjwa wa nje, majibu ya maabara yenye saa, chati ya mapigo na presha, fomu ya ridhaa, maelezo ya upasuaji yenye kiasi cha damu kilichonyonywa, rejesta ya damu, na majibu ya histolojia (uchunguzi wa hadubini) ya mrija. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mama haki ya kuziona taarifa zake, itajeni kwenye barua. Tafuteni pia mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya uliokuwa ukitumika mwaka huo. Ndio kipimo cha kuonyesha tabibu makini angefanya nini.

Baraza la Madaktari Tanganyika hushughulikia nidhamu: kuonya, kusimamisha, kufuta usajili. Halitoi fidia. Lalamiko huko linaweza kwenda sambamba, lakini haliwazuilii saa ya ukomo.

Hoja ya "kuharibiwa uzazi" ndiyo inayonitia wasiwasi. Lazima muonyeshe kwamba kuchelewa ndiko kulikoleta hasara hiyo, kwa kiwango cha kuwa na uwezekano zaidi kuliko kutokuwa nao. Daktari, mrija ungepona?

---

Dkt_Kizazi

Wakili umegusa penyewe. Kwa uaminifu, huenda usingepona. Mrija wa pili ukiwa mzima, wapasuaji wengi huutoa ulioathirika hata kama haujapasuka, na nafasi ya kushika mimba baadaye haitofautiani sana na kuupasua na kuuacha. Dawa ya methotreksati, inayositisha mimba bila upasuaji, ingewezekana kama Jumatano alikuwa ametulia, beta-hCG chini ya 5,000, uvimbe chini ya sentimita 3.5, mapigo ya mtoto hayapo, na anaweza kurudi kupimwa siku ya nne na ya saba. Kwa maumivu yale na maji yale, mimi nisingempa.

Kwa hiyo msiijenge kesi juu ya mrija. Jengeni juu ya zile lita mbili. Jumatano angepasuliwa kwa mpango, damu ikiwa kidogo, bila presha ya 80/50 na pengine bila chupa hata moja. Tofauti hiyo naweza kuieleza mahakamani kwa ujasiri. Angalieni pia kundi lake: kama ni Rhesus hasi na hakupewa sindano ya anti-D ndani ya saa 72, hilo ni kosa jingine linalogusa mimba zijazo kweli.

---

Paralegali_Moro

Asanteni sana. Kundi ni O chanya, hilo limepita. Majibu yao ya mdomo ni kwamba alikuwa na kitanzi, ndiyo maana Jumatatu hawakufikiria mimba.

---

Dkt_Kizazi

Ombeni walitie kwenye maandishi. Kitanzi hupunguza mimba zote kwa jumla, lakini mwenye kitanzi akishika mimba, uwezekano wa kuwa nje ya kizazi ni mkubwa kuliko kwa mwingine. Ukiwa na taarifa hiyo, UPT ndiyo ya kwanza kufanywa.

---

Wakili_wa_Pwani

Na kama kitanzi kimeandikwa kwenye kadi ya Jumatatu, basi Jumatatu imerudi kwenye hati ya madai. Pigeni picha ukurasa huo leo, pande zote mbili. Risiti za nauli, dawa na siku alizokosa kazi wekeni moja moja: fidia maalumu hutajwa kwa kiasi na kuthibitishwa kikamilifu, mahakama haikadirii. Maumivu na hofu ya kufa vinaingia kwenye fidia ya jumla, hivyo jaji ndiye atapima.