Programu yangu ya chesi niisajili wapi: Lichess, FICS au ibaki kwenye kompyuta yangu?

KeteNaKodi
Wakuu, habari zenu. Nimeandika programu ya chesi kuanzia mwanzo kabisa, na sasa inamaliza mchezo bila kukwama. Nataka ianze kukutana na wapinzani. Kuiwasha nyuma ya akaunti ya kawaida ni udanganyifu, hilo halina mjadala. Tovuti ya Chess.com nimeiweka kando kwa kuwa boti za kule (programu zinazocheza zenyewe) ni za tovuti yenyewe. Zimebaki njia tatu: akaunti ya boti kwenye tovuti ya Lichess, akaunti ya kompyuta kwenye FICS (seva ya siku nyingi ya chesi mtandaoni), au kuipambanisha na injini nyingine, yaani programu nyingine za chesi, hapa hapa kwenye mashine yangu. Ipi inafaa, na mwenye programu anatarajiwa awe na adabu gani? Naomba uzoefu wenu.

Hatua64
Nenda Lichess, mkuu. Sheria zake zimeandikwa na zinaeleweka. Fungua akaunti mpya ambayo haijacheza mchezo hata mmoja, kisha uigeuze kuwa ya boti. Ukishageuza hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo usithubutu kutumia jina unalolipenda kwa michezo yako mwenyewe. Kuanzia hapo neno BOT linakaa mbele ya jina lake, na kila anayekaa mezani anajua anacheza na nani.

Mipaka ipo. Boti haiingii kwenye foleni ya kutafutiwa mpinzani wala kwenye mashindano ya watu. Inacheza kwa kualikana tu. UltraBullet, michezo ya sekunde chache sana, pia hairuhusiwi, kwa sababu maombi kwa seva yangekuwa mengi mno. Na seva ikikurudishia jibu la 429, yaani umetuma maombi mengi mno, tulia dakika nzima kabla ya kutuma ombi lingine. Hiyo nayo ni adabu, maana seva ile inaendeshwa kwa michango.

mzee_wa_saa
Msiisahau FICS. Ipo tangu 1995, na huko kompyuta zilikuwa na alama ya (C) kando ya jina miaka mingi kabla Lichess haijazaliwa. Unaunganisha injini kwa programu ya XBoard au WinBoard.

Kuna jambo moja la huko ambalo wageni hukosea. Amri ya kibitz hupeleka ujumbe kwa kila aliye kwenye mchezo, wachezaji wakiwemo. Whisper huwafikia watazamaji tu. Sasa programu ikitangaza tathmini yake kwa kibitz kila hatua, unakuwa umempa mpinzani msaada katikati ya mchezo bila yeye kuomba. Weka whisper, au inyamaze kabisa.

Zamu_Yako
Naunga mkono hoja ya mzee. Hata lichess-bot, ile programu ya Python inayounganisha injini na Lichess, amri ya !eval, ya kuiuliza injini tathmini yake, inawajibu watazamaji tu, mchezaji hajibiwi.

Ila kwa kupima nguvu, mleta mada, mtandao haukufai. Ukibadilisha kitu kidogo ukatarajia nyongeza ya pointi 10, unahitaji maelfu ya michezo ndipo ujue kama ni kweli au ni bahati. Kwenye tovuti wapinzani wanabadilika na intaneti inayumba. Tumia cutechess, programu ya kupambanisha injini kwenye kompyuta yako: toleo jipya dhidi ya la zamani, mianzo ile ile, kila upande ucheze nyeupe na nyeusi. Mtandaoni unapeleka programu ili watu wafurahie, na ili uone makosa ambayo maabara haiyaonyeshi.

Farasi_wa_B1
Kama ndani yake ni Stockfish, ile injini maarufu ya bure, iliyobadilishwa jina, naomba usiilete kabisa. Zimejaa.

KeteNaKodi
Hapana mkuu, kodi (msimbo wa programu) ni yangu yote, na haina nguvu ya kutisha. Je, ikubali michezo ya pointi au ya kirafiki tu? Na ikizidiwa ikubali kushindwa?

Hatua64
Anza na kirafiki. Programu changa huanguka katikati ya mchezo, na hakuna haki mtu kupata au kupoteza pointi kwa sababu ya hitilafu yako. Ikitulia, ruhusu pointi. Kukubali kushindwa kuwashe, isiwachoshe watu kwa hatua hamsini za bure.

Farasi_wa_B1
Hapo sikubaliani nawe. Anayejifunza amejitahidi hadi kabaki na ngome na mfalme dhidi ya mfalme mtupu, halafu programu inajitoa? Alitaka kumaliza mwenyewe. Ndiyo mazoezi aliyoyafuata. Mimi ningezima kujitoa dhidi ya watu na kukuwasha boti kwa boti.

Na kama lengo ni kucheza na watu wa kawaida, tazama walivyofanya waliounda injini ya Maia. Ile imefundishwa kwa michezo ya binadamu, na akaunti zake maia1, maia5 na maia9 zinalenga viwango vya 1100, 1500 na 1900. Watu wanairudia kwa sababu makosa yake yanafanana na yao.

mzee_wa_saa
Ongeza hili: usizime mashine mchezo ukiendelea. Mpinzani anabaki akiitazama saa. Kwenye lichess-bot kuna mpangilio wa kusubiri michezo yote iishe ndipo ifunge. Na kwenye ukurasa wa akaunti andika ni programu gani, nani anaiendesha, na inakubali michezo ya muda gani.

KeteNaKodi
Nashukuru sana. Nakwenda Lichess, kirafiki kwanza, mchezo mmoja kwa wakati, na vipimo vyote nafanya kwa cutechess. Kujitoa dhidi ya watu nimeshazima. Imebaki kurudisha hatua: mtu akiteleza na kipanya akaomba arudishe, nimruhusu?

Zamu_Yako
Kwenye kirafiki mruhusu mara moja. Kwenye pointi kataa, na uliandike hilo kwenye ukurasa wako kabla hajaanza kucheza.