Nyumba Makorora ina mpangaji msumbufu: niuze naye ndani au nimtoe kwanza?

MamaMakorora
Habari za jioni ndugu zangu. Nina nyumba Makorora, Tanga, vyumba vinne, jiko na choo viko uani. Mimi naishi Dar, nataka kuiuza nimalizie ujenzi wangu Kange. Mpangaji aliyemo kodi yake ni 150,000 kwa mwezi, na hajalipa miezi minne sasa. Mkataba wetu ni wa mdomo. Mwezi uliopita nilimpeleka mnunuzi kutoka Handeni. Mpangaji alikuwa ametia kufuli mlango wa uani. Tulipomsihi akafungua, akamshika mgeni mkono hadi chumba cha nyuma, akamwambia, "Tazama ukuta huu, mvua ikinyesha maji yanaingia."

Bei yangu ni milioni 45. Yule bwana anasema nikiuza na mtu ndani atatoa 36, nikimkabidhi nyumba tupu atafika 43. Nichukue 36 yaishe? Nitoe notisi? Niende baraza? Usingizi sipati.

DalaliChumbageni
Pole dada. Milioni 7 usizitupe. Mnunuzi anazikata kwa sababu kazi ya kumtoa mtu anajua itamwangukia yeye. Kuuza na mpangaji ndani kunafaa kama zile fremu za Ngamiani: mwenye mali anabadilika, muuza duka anaendelea kulipa kama kawaida. Yako ni nyumba ya kuishi, na huyo wa Handeni anataka kuhamia.

Mimi ningemlipa aondoke. Msamehe deni, hiyo ni 600,000. Mwongezee 450,000 ya kuanzia, maana huko aendako ataambiwa alipe miezi sita kwa mkupuo. Jumla 1,050,000, iweke pembeni ya milioni 7 uone. Ila pesa asishike siku mnayokubaliana. Azishike siku anayotoa vyombo na kukabidhi funguo, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi.

BinMabawa
Siafiki. Mtu kakaa bure miezi minne halafu apewe na zawadi? Dada, toa notisi ya maandishi. Anayelipa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka notisi isiyopungua mwezi. Akikaidi, baraza.

MzeeRaskazone
Mwanangu BinMabawa, notisi ni haki na aitoe hata kama watapatana. Lakini ajue urefu wa njia. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halihukumu. Usuluhishi ukishindikana ndipo anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nimekuwa karani miaka mingi, nimeona mashauri ya wapangaji yakiahirishwa mpaka mwaka unakatika, na kila tarehe huyu dada atoke Dar kwa nauli yake. Mnunuzi gani atamsubiri?

Na wewe mwanangu wa Makorora, asikudanganye mtu ukaezua bati, ukang'oa mlango au ukamkatia umeme. Nimeona mwenye nyumba mwenye haki zote akigeuka mdaiwa kwa jambo hilo.

Mawili mengine. Kama nyumba ni mali ya ndoa, ridhaa ya mumeo iwe ya maandishi. Na kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ipigie hesabu kabla hujakubali bei yoyote. Tafuta risiti zako za ujenzi.

MpangajiDuga
Dada, samahani, nauliza kwa heshima kwa sababu na mimi ni mpangaji. Huo ukuta unavuja kweli? Alikwambia lini?

MamaMakorora
Shikamoo Mzee. Mume wangu ameridhia, tutaandika.

MpangajiDuga, swali lako nimelala nalo. Unavuja. Aliniambia masika ya mwaka juzi, nikamwahidi fundi, nikajisahau huku Dar. Jana nilimpigia, safari hii sikumtaja deni. Akaniambia godoro la watoto liliota ukungu, akanunua jingine, ndipo kodi ya kwanza ilipopelea. Akasema, "Dada, nilikuona unaleta mnunuzi kabla ya fundi." Sikuwa na la kumjibu.

Amekubali kutoka mwisho wa mwezi ujao kwa hesabu ile ya DalaliChumbageni. Notisi nitaiandika vilevile, Mzee. Yule wa Handeni nimemwambia mwenyewe kwamba maneno ya ukuta ni ya kweli. Amesema akikuta umezibwa na kupigwa lipu upya, 43 yake ipo.

Ijumaa napanda basi. Naomba anayemjua fundi mzuri wa kuta Makorora au Mabawa aniandikie, nataka aanze Jumamosi asubuhi, wakati bado wamo.